Maandiko, Mapokeo na Mkasi wa Mzabibu

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja alasiri mbele ya vijana wa UKWATA, wanafunzi wa Kiprotestanti, na wa TYCS, wanafunzi wa Kikatoliki, waliokutana pamoja hapa Dodoma. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka kinywani, nimepunguza tu pale nilipojirudia.

Mbukwenyi!

Bwana Yesu asifiwe! Tumsifu Yesu Kristo!

Asanteni. Mmejisikia wenyewe? Salamu ya kwanza, upande huu mmeitika "Amina" mpaka bati limetikisika, na upande ule mkawa mnanitazama tu. Ya pili, wale wakajibu "Milele, amina" kama kwaya, huku kukawa kimya. Hakuna hata mmoja aliyefungua Biblia kwanza aone ameandikiwa ajibu nini. Mmejibu hivyo kwa sababu ndivyo mlivyokuta nyumbani. Aliyewafundisha ni mama, au bibi, au katekista mwenye fimbo. Basi somo la leo mmeshalifanya kwa vitendo, mimi nimebaki kulieleza.

Nilifundisha historia sekondari miaka 31. Sasa nina ekari moja na nusu ya zabibu upande wa Hombolo, na huko ndiko viatu hivi vilikopata vumbi, mnisamehe. Mimi ni Mwanglikana. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa kule Mvumi. Mama alitoka Bihawana, Mkatoliki; alifuata kwa mumewe, lakini rozari yake ilikuwa ndani ya kasha, na ufunguo wa kasha aliufunga kwenye pindo la khanga. Nayasema haya mapema ili mjue nimesimama wapi. Anayezungumzia jambo hili akisema hana upande, mchunguzeni mfukoni.

Wiki iliyopita nilikuwa soko la Majengo nachagua nyanya. Pembeni mhubiri mmoja ana kipaza sauti cha betri, jasho linamtiririka: "Wao wana mapokeo, sisi tuna Neno!" Kijana muuza mitumba, rozari shingoni, akamjibu bila kuacha kukunja suruali zake: "Hilo Neno mlipewa na nani? Biblia ni yetu, nyinyi mmeiazima!" Watu wakashangilia kama mpira. Mama wa nyanya akaniuliza, "Mwalimu, nani kamshinda mwenzake?" Nikamwambia kila mmoja ana nusu. Akadhani nataka nusu kilo, akapima.

Nataka tuzipime hizo nusu mbili.

Tuanze na neno lenyewe, maana Kiswahili hapa kimetupa zawadi. Katika Marko mlango wa 7, Yesu anawakemea Mafarisayo kwa kuiacha amri ya Mungu na kushika "mapokeo ya wanadamu". Mhubiri wa Majengo anaishi katika mstari huo. Sasa fungua Wathesalonike wa Pili 2:15. Paulo anawaambia ndugu wasimame imara na wayashike "mapokeo" waliyofundishwa, "ama kwa maneno, ama kwa waraka wetu". Huko ndiko anakoishi yule kijana wa mitumba. Biblia yetu ya Union Version, ile ya mwaka 1952 ambayo wengi mmekulia nayo, imetumia neno lilelile pande zote mbili, na imefanya uaminifu, kwa sababu hata Kigiriki ni neno moja: paradosis. Zipo tafsiri za kisasa, za Kiingereza na nyinginezo, ambazo palipo pabaya zinaandika "mapokeo", palipo pazuri zinaandika "mafundisho". Msomaji wa kawaida hatajua amefichwa kitu.

Tena angalieni. Paradosis ni kukabidhi, inatazama mkono unaotoa. Kiswahili kimesema mapokeo, kikatazama mkono unaopokea. Na swali linalotusumbua Wakristo tangu karne ya 16 liko hukohuko kwenye mkono unaopokea: je, kila unachokabidhiwa na wakubwa unalazimika kukishika? Na kama la, nani akuambie hiki shika, hiki weka chini?

Mstari mmoja zaidi, kisha nafunga Biblia. Wakorintho wa Kwanza 15:3. Paulo anasema aliwakabidhi lile ambalo yeye mwenyewe alilipokea, kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu kama yanenavyo Maandiko. Hapo yote mawili yamelala mkeka mmoja. Alipokea kutoka kwa watu waliomtangulia, na alichokipokea kinapimwa na Maandiko. Mimi huwa nashangaa mstari huu hausikiki sokoni.

Haya. Nusu ya kijana wa mitumba. Biblia haikudondoka ikiwa na jalada. Orodha ya kwanza tuliyo nayo yenye vitabu vyote 27 vya Agano Jipya, bila kupungua wala kuzidi, imo katika barua ya Pasaka ya Askofu Atanasi wa Aleksandria, mwaka 367. Hesabuni: zaidi ya miaka 300 baada ya ufufuko. Miaka hiyo yote watu walibatizwa, walimega mkate, walikufa mashahidi. Kisha mitaguso, yaani mikutano ya maaskofu, ya Hippo mwaka 393 na Karthago mwaka 397, huko Algeria na Tunisia za leo, ndiyo iliyokaa na kusema vitabu vyetu ni hivi. Afrika yetu hii. Hakuna ukurasa ndani ya Biblia wenye orodha ya vitabu vya Biblia. Ukurasa ule wa mwanzoni wenye yaliyomo ameuweka mchapishaji.

Mprotestanti ana jibu, na si jibu la kudharau. Anasema Kanisa halikuvizaa vitabu hivyo, lilivitambua tu. Ndiyo. Mwenyekiti wa mtaa akikugongea muhuri kwenye barua ya utambulisho, hajakuzaa. Anathibitisha kwamba anakufahamu. Ila na wewe usimdharau sana mwenyekiti, maana ipo milango isiyofunguka bila muhuri wake. Ibara za Imani za Kianglikana za mwaka 1571 zinaliita Kanisa shahidi na mtunzaji wa Maandiko. Shahidi si mwenye mali. Lakini kesi haina maana bila shahidi.

Na sisi Wagogo tunalijua hili kuliko wengi. Wamisionari wa CMS, chama cha misioni cha Waanglikana wa Uingereza, walifika Mpwapwa miaka ya 1870. Agano Jipya la Kigogo lilipatikana kabla ya mwaka 1900, lakini katikati hapo wako wazee waliomkiri Kristo bila kushika ukurasa wake hata mmoja kwa lugha ya mama. Walisikia. Mtu alikaa nao chini ya mbuyu akawaambia Mulungu mnayemtaja kwenye matambiko amefanya hivi na hivi. Imani iliingia Ugogo kwa sikio kwanza, jicho likafuata. Mwanglikana wa Dodoma anayesema hana deni lolote kwa mapokeo ya mdomo amewasahau babu zake.

Kuna jambo jingine nililijua ukubwani, likanivua nguo kidogo. Nilikua nikiamini kwamba Luther, yule Mjerumani aliyeanzisha matengenezo ya Kiprotestanti karne ya 16, alivichana vile vitabu saba, Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku na Wamakabayo viwili, na ndiyo maana Biblia ya Wakatoliki ina vitabu 73 na yetu 66. Sivyo. Luther alipotoa Biblia nzima ya Kijerumani mwaka 1534, vitabu hivyo vimo. Aliviweka katikati ya maagano mawili, akaandika kwamba havilingani na Maandiko Matakatifu lakini vinafaa kusomwa. Ibara ya 6 ya Waanglikana inasema karibu hivyohivyo: Kanisa huvisoma kwa mfano wa maisha na mafunzo ya mwenendo, halijengi mafundisho ya imani juu yake. Shaka yenyewe ni ya zamani kuliko Uprotestanti. Yeronimo aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini aliegemea orodha ya Wayahudi, na Augustino akataka vilivyosomwa makanisani. Watakatifu wawili, hawakukubaliana. Basi vilitokaje kwenye Biblia ya baba yangu? Vilitolewa na Chama cha Biblia cha Uingereza na Nchi za Nje, London, kwenye ugomvi wa miaka ya 1820. Kikaamua hela zake zisichapishe vitabu hivyo. Uamuzi wa kamati! Biblia zilizokuja Afrika kwa mkono wa chama hicho zikaja bila hivyo. Kwa hiyo lile jalada la vitabu 66 ambalo mhubiri wa Majengo analipunga hewani akisema hana mapokeo, lenyewe ni pokeo.

Msicheke sana upande ule. Zamu yenu imefika.

Nusu ya mhubiri. Mtaguso wa Trento ulipokutana kuwajibu wanamatengenezo, yaani Luther na wenzake, rasimu ya kwanza ilisema ukweli wa Injili umo sehemu katika vitabu vilivyoandikwa na sehemu katika mapokeo yasiyoandikwa. Baadhi ya maaskofu wakapinga palepale ukumbini: mnataka kusema Maandiko hayatoshi, ni nusu debe? Hati iliyopitishwa tarehe 8 Aprili 1546 ikaziondoa zile "sehemu" mbili, ikabaki "na" peke yake: katika vitabu vilivyoandikwa na mapokeo yasiyoandikwa. "Na" moja. Wanateolojia wamekula mshahara wa karne nne juu ya hiyo "na", kama maana yake ni vyungu viwili au ni chungu kimoja chenye mishikio miwili. Mimi napenda kwamba walisita. Watu wanaosita wanamwogopa Mungu.

Lakini kilichofuata hakikuwa kizuri, na Mkatoliki mkweli atakubali. Orodha ya Vitabu Vilivyokatazwa ya mwaka 1564 iliagiza kwamba mtu asisome Biblia kwa lugha ya kwao bila kibali cha maandishi kutoka kwa wakubwa wa Kanisa. Kibali, kusoma barua uliyoandikiwa na Baba! Mtu akisikia hayo ndipo anaelewa kelele za Waprotestanti zilitoka wapi. Hawakuwa wanachukia mishumaa. Waliona vyeti vya rehema, vya kuondolewa adhabu ya dhambi, vinauzwa, wakauliza imeandikwa wapi, wakajibiwa kwamba Kanisa limesema. Pokeo lisiloweza kuulizwa swali hugeuka mali ya mwenye funguo.

Nilisema nina shamba. Zabibu haipandwi kwa mbegu. Ukitaka zabibu ya Makutupora unakwenda kwa mwenye nayo, anakukatia pingili kutoka mti ulio hai, unachomeka ardhini, unamwagilia. Mzabibu wangu ni kipande cha mzabibu wa jirani, nao ni kipande cha mwingine, hadi kwa yule mmisionari aliyeleta. Hakuna njia nyingine. Wakatoliki hapo wanatikisa kichwa, naona. Subirini. Mzabibu huohuo, usipoupogoa baada ya mavuno, unakwenda majani. Unapendeza, kivuli kizuri, wageni wanapiga picha, lakini vishada havina kitu. Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka naingia na mkasi, nakata matawi niliyoyalea mwenyewe, naacha macho mawili kwenye kila kijiti. Siku ya kwanza nilipofundishwa kupogoa nililia kimoyomoyo. Luther, kwa maoni yangu, aliingia shambani na mkasi, na mkasi huo ni Maandiko. Shamba lilikuwa limekwenda majani.

Mfano huu nilimpa padre mmoja, rafiki yangu tunayekunywa naye chai. Akausikiliza mpaka mwisho, akakoroga kikombe chake, akasema: "Mwalimu, mkasi haujishiki wenyewe."

Sikulala vizuri siku ile.

Kwa sababu ni kweli. Oktoba 1529, mjini Marburg, Luther na Zwingli, mwanamatengenezo wa Uswisi, walikaa meza moja kujadili Meza ya Bwana. Wote wawili wanasema Maandiko pekee. Wote wawili wanajua Kigiriki. Luther akachukua chaki akaandika mezani maneno ya Kilatini, Hoc est corpus meum, Huu ni mwili wangu, na kila Zwingli alipoeleza kwamba "ni" hapo maana yake "inaashiria", yeye akawa anamrudisha kwenye chaki. Katika hoja 15 wakaafikiana 14, na ile moja ikawashinda, wakaachana. Mkasi mmoja, mikono miwili. Leo toka hapa mpaka Chang'ombe uhesabu mabango ya makanisa njiani. Kila bango linasema linafuata Biblia tu. Mengine yanashika Jumamosi, mengine Jumapili. Haya yanabatiza watoto, yale yanawazamisha watu wazima bwawani. Na usidhani walio huru wamekosa mapokeo. Sisi watu wa Uamsho, lile vuguvugu la wokovu la Afrika Mashariki, tuna namna yetu ya kutoa ushuhuda, na mtu asipoutoa kwa mtindo ule, na machozi mahali pale pale, tunamtilia shaka kama kweli ameokoka. Hiyo nayo imeandikwa wapi?

Na lipo kubwa zaidi. Nikea, mwaka 325, mababa walitaka kusema Mwana ni Mungu kama Baba alivyo Mungu. Waliomuunga mkono Ario, padre aliyefundisha kwamba Mwana si Mungu sawa na Baba, walikuwa hodari wa mistari. Kila msemo wa Biblia uliopendekezwa wakaukubali wakaupindia kwao. Mwishowe mababa wakatia kwenye kanuni ya imani neno ambalo halimo katika Maandiko, kwamba Mwana ana uungu mmoja na Baba, na wapinzani wakalalamika hasa kwa hoja hiyo: neno hili halikuandikwa. Ningekuwepo, mimi mtu wa "imeandikwa wapi", ningekaa upande gani wa ukumbi? Kila Jumapili natamka neno lile bila kugugumia. Nimelipokea, na nikilipima kwa Maandiko naliona linasimama.

Ndiyo maana nabaki Mwanglikana, na nawaambieni wazi kinachonikwamisha kwa ndugu zangu. Tarehe 1 Novemba 1950 Papa Pio wa 12 alitangaza kwamba kupalizwa kwa Bikira Maria mbinguni mwili na roho ni fundisho ambalo kila Mkatoliki sharti aliamini. Sina ugomvi na anayeliamini. Mama yangu aliliamini, na sikukuu yake ya Agosti aliifunga mkaja akaenda kwa miguu. Ni ya kale pia, waliisali Mashariki na Magharibi kwa karne nyingi. Lakini kuifanya lazima, kitu ambacho siwezi kukisoma ndani ya Maandiko wala kukithibitisha kwayo, hapo Ibara ya 6 inanishika koti. Padre wangu anajibu kwamba Roho aliyeongoza Kanisa kutambua vitabu 27 hakustaafu mwaka 397. Ni jibu zito. Nami namwuliza: mkono unaoshika mkasi, wenyewe ukiota tawi lisilofaa, nani anaukata?

Tumefika hapo, na nadhani ndipo ugomvi wenyewe ulipo. Majengo wanabishana kama mapokeo yawepo au yasiwepo. Hilo lilikwisha siku nyingi, kila mtu anayo. Kilichobaki ni nani hakimu wa mapokeo. Nao Wakatoliki wamesogea zaidi ya wanavyojua wengi wenu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, tarehe 18 Novemba 1965, ulitoa hati ya Dei Verbum, yaani Neno la Mungu. Inasema Maandiko na Mapokeo yanabubujika kutoka chemchemi moja, na kwamba Kanisa halipati uhakika wake kwa Maandiko peke yake. Hapo hawakurudi nyuma. Lakini inasema pia kwamba mamlaka ya kufundisha haiko juu ya Neno la Mungu, inalitumikia. Na inaagiza waamini wafunguliwe mlango mpana wa kuyafikia Maandiko, hata kwa tafsiri zilizofanywa pamoja na ndugu waliotengana nao. Pimeni umbali huo tangu 1564. Biblia Habari Njema mnayoazimana bwenini ni tunda la njia hiyo. Wakatoliki na Waprotestanti waliitafsiri pamoja. Kwa upande wetu, mkutano wa Imani na Utaratibu, tume ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni, uliofanyika Montreal mwaka 1963 ulikiri kwamba sote tunaishi kwa Pokeo moja kubwa, ambalo ni Injili yenyewe inayokabidhiwa kizazi hadi kizazi, na kwamba mapokeo yetu madogomadogo lazima yapimwe kwalo. Miaka 50 kabla yake hakuna Mprotestanti angethubutu kuandika sentensi ile bila kuitwa pembeni.

Naona mkono. Sema, mwanangu.

Ameuliza: pale nyumbani, baba na mama, nani alimshinda mwenzake?

Jioni baba alisoma Maandiko, mama akafunga kwa ishara ya msalaba, basi. Hawakubishana mbele yetu. Lakini nakumbuka jioni moja koroboi ya baba ilikuwa imeishiwa mafuta, tukahamia jikoni kwenye moto wa mama, na Biblia iliyokuwa karibu ikawa ya mama, ile yenye vitabu 73. Baba aliishika kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani. Ikafunguka kwenye Tobiti, akaanza kusoma kwa sauti, polepole, na kwa kuwa alikuwa mchungaji wa mbuzi tangu utoto, alipofika pale kijana Tobia anapoondoka safari na mbwa wake anamfuata nyuma, akasimama. Akasoma tena mstari ule. Akamwuliza mama:

"Huyu mbwa hana jina?"

Mama alikuwa anasonga ugali wa mtama, hakugeuka.

"Halikuandikwa," akasema. Akageuza mwiko mara mbili tatu. "Lakini kwao walilijua."